Kanda za Mjomba: Miaka Minne ya Kumsaka Mr. Bean Mtwara

Kanda ya kwanza niliiua mwenyewe. Ilikuwa Mei 2019, siku ya pili tangu mjomba anikabidhi boksi la kanda saba za video lililokuwa limekaa darini jikoni kwake, Chikongola. Niliazima deki kwa fundi, nikaichomeka kwenye TV yetu ya chogo, nikachagua kanda iliyoandikwa kwa kalamu ya wino BINI 2, maana Bini ndivyo tulivyomwita Mr. Bean, nikaisukuma ndani. Picha ikaja kwa sekunde chache: lile koti la kahawia, ile tai nyekundu, yale macho. Halafu mistari, halafu mkwaruzo, halafu giza. Nilipobonyeza kuitoa, kanda ilitoka lakini utepe wake ukabaki ndani, umejikunja kama matumbo ya samaki. Nililia, tena mbele ya watoto.

Kwenye kidirisha cha ile kanda kulikuwa na unga mweupe. Niliuona kabla sijaitia, nikadhani ni vumbi. Ulikuwa ukungu. Na kwa kuwa sikujua, nikatia kanda ya pili kwenye deki ileile, nayo ikaharibika nusu. Kwa hiyo wewe uliyeko pwani na una kanda za zamani, kabla hujagusa deki chukua tochi ya simu uielekeze kwenye kidirisha, pande zote mbili. Ukiona unga, au mabaka meupe ukingoni mwa utepe, au ukinusa harufu ya nguo iliyolala na unyevu, acha. Fundi alinitoza shilingi 20,000 kusafisha mashine, na alinionyesha hedi, ile duara ya chuma inayozunguka ndani: ilikuwa imepakaa kitu kama samli iliyoganda. Aliisafisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, akikishikilia kitambaa pale na kuizungusha duara kwa kidole. Ukisugua kutoka juu kwenda chini, alisema, umeshaivunja.

Nieleze kwanza kwa nini mtu mzima mwenye watoto watatu anahangaika na kanda za Mr. Bean.

Mjomba alikuwa na kibanda cha video kuanzia 1996 hadi 2005. Wakati Mr. Bean anaonyeshwa mara ya kwanza Uingereza, tarehe 1 Januari 1990, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Kwa mtoto wa Mtwara, televisheni maana yake ilikuwa kibanda. Mabenchi sita ya mbao za mwembe, magunia meusi dirishani, jenereta nje kwa sababu umeme wa mji ulitoka kwenye mitambo ya dizeli na ulikatika unavyotaka. Kanda zilikuja na mabaharia, au na mabasi yaliyovuka Rufiji kwa pantoni, maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Mvua ikifunga barabara, tuliangalia kanda zilezile mwezi mzima, na hakuna aliyelalamika kama ni Bini.

Kibandani palikuwa na mtafsiri. Filamu za Kichina na za Kimarekani alizitafsiri kwa sauti, amesimama pembeni ya TV na kijiti mkononi, na alikuwa hodari kiasi kwamba watu walikuja kumsikiliza yeye. Siku ya Mr. Bean, ambaye karibu hasemi neno, hakuwa na kazi. Aliweka kijiti chini akaketi benchi la mbele na sisi watoto, akicheka mpaka anajifuta machozi. Bibi yangu, ambaye Kiswahili chenyewe alikisema kwa kuchanganya na Kimakonde, alikuja mara mbili. Alimpenda Bini anayevaa nguo na kupiga mswaki huku anaendesha gari akiwahi kwa daktari wa meno. Hakuhitaji kuelezwa.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hilo halikutokea kwa bahati. Rowan Atkinson, Mwingereza anayemwigiza Mr. Bean, alianza kumjenga mhusika huyu akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, anasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme. Mwaka 1987 alipokwenda kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, aliomba apangwe kwenye onyesho la wanaozungumza Kifaransa, na waandaaji hawakumwelewa, kwa sababu hakuwa na neno hata moja la Kifaransa. Alitaka kuona kama mwili peke yake unatosha kwa watu wasioijua lugha yake. Nilipolisoma hilo nilimfikiria bibi, na ndipo kupenda kwangu kukageuka kazi. Nilitaka kuandika jinsi Mr. Bean alivyofika kwetu, na kukusanya vitu vinavyothibitisha.

Nilianza vibaya. Niliamini kumbukumbu za maana ziko Ulaya, kwamba mkusanyaji wa kweli ni yule mwenye vitu vya dukani, vyenye chapa. Kwa hiyo wa kwanza niliyemtafuta hakuwa mjomba, wala mtafsiri. Nilitafuta gari.

Gari la Mr. Bean ni Mini ya kijani iliyofifia, boneti nyeusi, namba SLF 287R, na mlango wa dereva una komeo na kufuli. Kampuni ya Corgi ilitengeneza mfano wake wa chuma kwa kipimo cha moja kwa 36, unaoenea kiganjani. Nilimpata muuzaji wa Dar es Salaam kwenye kundi la WhatsApp, bei shilingi 130,000 pamoja na usafiri. Fedha hiyo ilikuwa ya mabati ya chumba cha nyuma. Sikumwambia mume wangu. Nilituma kwa simu, nikasubiri wiki mbili, nikaenda kulipokea kituo cha mabasi asubuhi na mapema kabla hajaamka.

Nilifungua pale pale kituoni. Kijani kilikuwa kibichi kama jani la mgomba. Boneti ilipakwa nyeusi kwa brashi, na alama za nywele za brashi zilionekana. Namba ya gari ilikuwa kikaratasi kilichogundishwa, na kimeandikwa SLF 278R. Komeo halikuwepo. Nilipompigia yule muuzaji hakupokea, na jioni yake akaniondoa kwenye kundi. Mume wangu alijua baada ya siku tatu, kwa sababu fundi wa mabati alikuja. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mama, hicho kigari ndiyo chumba?" Nililala na swali hilo siku nyingi.

Ukitaka gari hili, omba picha tano kabla ya kutuma hata senti: mbele na nyuma ili usome namba, mlango wa dereva, boneti kwenye mwanga wa jua, na tumboni, ambapo jina la mtengenezaji hupigwa chapa kwenye chuma chenyewe. Muuzaji asiyetaka kuligeuza gari apige picha ya chini, achana naye. Na lipa mzigo ukifika, au mtume ndugu aliyeko mji uleule akashike kwanza. La kwangu la halali lilikuja mwaka uliofuata kwa mkono wa mtu aliyetoka Uingereza, pauni 18.

Kulikuwa na faida moja katika kulisaka gari. Utotoni mimi na binamu yangu tuligombana mpaka kurushiana mawe kuhusu rangi yake: yeye alishika kwamba ni la chungwa, mimi kijani. Kanda za mjomba zilikuwa nakala ya nakala ya nakala, zilizorekodiwa kwa deki mbili zilizounganishwa waya, na rangi zilivuja kama kitenge kibaya, kwa hiyo watu wazima walituamua kwa kusema hakuna ajuaye. Kumbe katika kipindi cha kwanza kabisa gari lilikuwa la chungwa, na linagongwa mwishoni. Kuanzia hapo ndipo lile la kijani linaingia. Nilimpigia binamu aliyeko Newala saa nne usiku kumwambia. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Nilikuambia."

Na vipindi vyenyewe ni vichache kuliko unavyodhani. Nilikua nikiamini vipo mamia. Vipo 15 tu, kuanzia 1990 hadi 1995, na kimojawapo ni mkusanyiko wa vipande vya vingine. Sisi tulikuwa tunaangalia kanda zilizokatwa na kupangwa upya na waliorekodi, mwanzo wa hiki umeunganishwa na mwisho wa kile. Hata mwanzo wenyewe, pale anapoanguka kutoka juu ndani ya mwanga huku kwaya ikiimba, wengi walioukata walifanya hivyo kubana nafasi. Mara chache tulizouona tulidhani ni wimbo wa ibada. Ni Kilatini, umetungwa na Howard Goodall na kuimbwa na kwaya ya Kanisa Kuu la Southwark, na maana yake ni "tazama mtu ambaye ni haragwe."

Kuna mtego mwingine ulionipotezea wiki nzima ya kusoma: ITV. Kila niliposoma kwamba Mr. Bean alirushwa ITV nilichukulia ni ITV yetu ya Dar es Salaam, nikaandika daftari zima juu ya msingi huo. ITV ya Uingereza ni nyingine, na yetu ilianza mwaka 1994. Herufi zimefanana tu. Anayeandika historia ya vitu vya namna hii kwa Kiswahili alipambanue mapema, maana wasomaji wake watadhani nilivyodhani mimi.

Baada ya gari nilinunua kanda kutoka Marekani, halisi kabisa, jalada linang'aa. Kwenye deki yangu ikatoa picha nyeusi na nyeupe inayopanda juu kama karatasi kwenye upepo. Kanda za Marekani ni za mfumo wa NTSC, deki zetu nyingi ni PAL, sawa na za Uingereza. Shilingi 40,000, na posta nikalipia ushuru kwa thamani ambayo mtumaji aliiandika kubwa kuliko niliyolipa, kwa sababu sikuwa na risiti ya kuonyesha. Mwambie mtumaji atie risiti ndani ya kifurushi, na wewe chapisha nakala uende nayo.

Nimesema nilichelewa kumtafuta mtafsiri. Alihamia Mikindani, mwendo mfupi tu kwa daladala. Mara tatu nilipanga kwenda, na mara tatu nikaahirisha kwa sababu nilikuwa nasubiri bango fulani lifike, nikitaka nimpelekee apigwe nalo picha. Bango lilifika Februari 2020. Nilipobisha hodi kwake, mkewe alikuwa bado eda. Mtafsiri alikuwa amefariki wiki sita kabla. Mama yule alinikaribisha, akanipa maji, akaniambia mumewe alikuwa na kijiti chake mpaka mwisho, alikitumia kufukuzia kuku. Nikamwomba nikione. Kilikuwa kimeshatiwa jikoni.

Kurekodi sauti kwa simu hakuna gharama. Ningekuwa na saa moja tu ya mzee yule akieleza jinsi alivyokuwa akiingiza Kimakonde katikati ya filamu za Kichina, ningeitoa Mini yangu na kila kilichomo kabatini. Tangu siku hiyo sinunui kitu chochote kabla sijaenda kwa mtu.

Ndipo nikarudi kwa mjomba na kuuliza vizuri. Sisi kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na mimi nilikuwa nimechukua boksi nikaondoka bila hata kuketi. Safari hii niliketi. Nilipeleka ming'oko ya kuchemsha na chumvi, tukala barazani, nikamuuliza kanda nyingine ziko wapi, maana kibanda kilikuwa na zaidi ya mia.

"Nyingine niligawa," alisema. "Nyingine zilikwenda Kitere, kwenye mpunga."

Sikuelewa. Akanyoosha mikono kama anavuta kamba. "Za kutishia ndege, mwanangu."

Nilikwenda Kitere kwa bodaboda mwezi Aprili, mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Nilisikia kabla sijaona: mvumo mwembamba, kama nyuki walio mbali. Juu ya jaruba zima, kutoka mti hadi mti, ulivutwa utepe wa video, unatetemeka kwa upepo na kumeta. Nilisimama kwenye tuta nikaushika kwa vidole. Upande mmoja rangi ya kahawia ilikuwa imebanduka kwa jua, unaona anga kupitia humo. Picha zilikuwa zimeishia hewani.

Mama mwenye jaruba alikuja akidhani nimepotea njia. Nilimwamkia, nikajieleza. Akasema kanda za mjomba wangu zilimwokolea mavuno misimu mingi, na hizi za sasa ni za redio, hazivumi vizuri. Ndani ya debe la akiba alikuwa na mbili ambazo hazijavunjwa. Alinipa bure, kwa sharti kwamba nikishaona kilichomo nirudi nimwambie. Moja ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na dakika kumi na moja za Bini akihangaika bwawani, pale anapopanda juu ya ubao wa kurukia na kuogopa kuruka, na baada ya hapo harusi ya mtaani kwetu iliyorekodiwa juu yake. Nilirudi na simu nikamwonyesha vyote. Aliomba kile cha bwawani kirudiwe mara nne.

Kuanzia hapo mambo yalinyooka, si haraka, lakini yalinyooka. Lindi mjini, kwa mzee aliyewahi kuwa na duka la kukodisha kanda, nilipata kanda halisi ya Uingereza, ya kwanza katika zile zilizotolewa, kwa shilingi 15,000. Lebo yake imechapishwa, haikuandikwa kwa mkono, na kijino cha nyuma cha kuruhusu kurekodi hakipo. Ndani yake kuna kipande cha Bini maktabani akiharibu kitabu cha kale, ambacho hakimo katika vipindi vilivyorushwa. Mikono ilitetemeka, nikidhani nimegundua kipindi kilichopotea. Kilitengenezwa kwa ajili ya kanda za kuuza tu, na wakusanyaji wanakijua. Furaha yangu haikupungua.

Kanda zenye ukungu tulizifungua na fundi, tukazipitisha utepe kwa mkono kwenye kitambaa kikavu, polepole, tumevaa barakoa, baada ya kujifunza kwanza kwenye kanda ambazo hazina faida. Nilinunua deki ya kwangu, 60,000, na kifaa cha kuhamishia kwenye kompyuta, 45,000. Zinasimama wima kama vitabu, kabati liko mbali na ukuta wa upande wa bahari, na kila rafu ina vipakiti vya kunyonya unyevu ninavyoomba kwenye maduka ya viatu. Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni ukidhani unazilinda. Unafungia unyevu humo humo. Na kanda za kibandani ni nakala zisizo halali tangu mwanzo, kwa hiyo ninazihifadhi kama ushahidi wa maisha yetu. Siziuzi wala sizinakilii watu, hata walioniahidi fedha.

Kitu cha thamani kuliko vyote hakikuwa kanda. Siku ile ya ming'oko, nikiwa nafunga viatu, mjomba aliingia ndani akatoka na daftari la kaunta limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Lilikuwa la mahesabu ya kibanda. Kila siku ina mstari wake: tarehe, kanda, watoto wangapi, wakubwa wangapi, mafuta ya jenereta. Kwa mwandiko wake uliolala kulia: BINI 4, watoto 61, wakubwa 22. Siku iliyotangulia, filamu ya vita, watoto 19. Nilikuwa miongoni mwa hao 61. Nilikuwa nimetafuta miaka miwili jinsi ya kuthibitisha kwamba Mr. Bean aliwahi kupendwa hapa, na jibu lilikuwa chini ya godoro la mjomba, kilomita mbili kutoka kwangu.

Nilipiga picha kurasa zote 214, kila ukurasa mara mbili, mchana kweupe bila flashi. Daftari lenyewe nilimrudishia. Hakuliuza kwangu wala sikumwomba.

Desemba 2023 nilimleta mjomba nyumbani. Macho yake hayaoni vizuri, tukamweka karibu kabisa na TV ya chogo, watoto chini kwenye mkeka, mume wangu mlangoni, chumba cha nyuma kikiwa na mabati yake sasa. Nilitia BINI 4, ile ya batamzinga kichwani. Picha ilikuwa na mistari na rangi zilivuja kama zamani. Mjomba hakucheka sana. Alikuwa anatuangalia sisi tunavyocheka.

Ilipokwisha aliomba daftari lake, maana alikuwa amekuja nalo kwenye mfuko wa rambo. Akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, wa mwaka 2005, akashuka mstari mmoja, akaomba kalamu. Aliandika tarehe taratibu, akaandika BINI 4. Halafu akainua kichwa na kuanza kutuhesabu kwa kidole, mkubwa mmoja, wawili, na watoto waliokuwa mkekani, na yule mdogo aliyekuwa amelala mapajani kwangu akauliza kama naye ahesabiwe.

"Alicheka kabla hajalala," nilimwambia.

Akamwandika.